Damu Iliyokaa Kimya

Shamba la Mkonge, Voi
8 Februari 1976

Mpendwa Ajwang',

Kuna sauti moja imenikaa kichwani tangu Jumapili iliyopita na haitaki kutoka. Ni ya njiti ya kiberiti. Nilikuwa nimelala kwa dada yangu Tryphena kule Werugha, ukungu umeingia mpaka ndani ya nyumba, na alfajiri nikasikia mtu jikoni akikwaruza njiti. Anakwaruza, ananyamaza, anakwaruza tena. Nikadhani kiberiti kimeingia unyevu, nikajifunika blanketi. Ikaendelea hivyo, bila mtu kusonya, bila kulaani, mpaka nikaona haya kuendelea kulala. Nilimkuta dada yangu ameishika njiti katikati ya viganja viwili, kama mtu anayeomba. Vifundo vya vidole vyake vimevimba na kung'aa, havikunjiki. Kiberiti chenyewe kilikuwa kikavu kabisa.

"Ni baridi tu," akaniambia. "Jua likipanda vitafunguka."

Ajwang', ana miaka ishirini na sita. Ni mikono yote miwili, sawasawa, kulia kama kushoto, na magoti pia, na kila asubuhi ni hivyo mpaka karibu saa ya kanisa. Wewe na mimi tulikaa dawati moja tukifundishwa ugonjwa huu. Watu wanauita baridi yabisi na kuwaachia wazee, lakini huu ni ule mwingine, ule unaokula viungo vya mtu angali kijana. Hawezi kufunga fundo la leso ili ambebe mtoto wake. Mama mkwe ndiye anayemfungia, na kila akimfunga anasema, "Nimekuwa yaya wa mke wa mwanangu." Hudson, mumewe, anakamua ng'ombe kabla hakujapambazuka ili majirani wasimwone akifanya kazi ya mkewe. Hudson si mtu mbaya. Aliniambia, "Shemeji, niletee neno la hospitali kwamba huu ni ugonjwa, nami nitampeleka popote. Bila hilo siwezi kupingana na mama."

Jumatatu nilimwendea Dakta Kituku, mkuu wa hospitali yetu hapa shambani. Nikamwomba barua ya kumpeleka dada kwenye kliniki yenu ya viungo huko Nairobi, kwa kuwa najua hampokei mtu bila barua ya daktari. Akacheka. "Msichana, huo ni ugonjwa wa Wazungu wa nchi za baridi."

"Werugha kuna baridi, daktari."

Hakupenda. Akasema nimletee damu inayosema, yaani iliyoonyesha ugonjwa kwenye kipimo, naye ataandika barua. Asiyekuwa na damu inayosema hatamtuma.

Sina cha kupimia. Hapa maabara napima malaria na minyoo tu. Nitumie lateksi ya kupimia ugonjwa huu.

Wako,
Wakio

*

Nairobi
17 Februari 1976

Wakio,

Barua yako niliisoma maabara na chai ikapoa. Huyo daktari wako amesoma kitabu cha zamani. Kila Alhamisi benchi la kliniki yetu linajaa, na mpaka leo sijaona Mzungu aliyekaa hapo. Wiki jana kulikuwa na mama kutoka Machakos, mkono umepinda kama tangawizi. Mwambie Dakta Kituku aje awaeleze kwamba ugonjwa wao si wa Waafrika, labda watainuka wote warudi nyumbani wakicheza.

Chupa ya lateksi inakuja kwa gari moshi. Mwulize Oloo wa stesheni, ni mtu wa kwetu na nimemwandikia. Msimamizi wangu anajua. Nilimwambia ni ya rafiki yangu mmoja, Mdawida mkaidi wa milima ya Taita, akasema mpe kabla hajaja mwenyewe. Usiiache juani. Naijua Voi yenu, hata mjusi anatembea kwa kuruka.

Hujasahau? Chembe ndogo ndogo za mpira zinaelea ndani ya maji, zinaonekana kama maziwa. Unachukua damu, unaiacha igande, unaizungusha kwenye mashine, unapata yale majimaji ya juu. Tone lake kwenye kioo, tone la lateksi, changanya, tikisa polepole. Alama ya ugonjwa ikiwamo, maziwa yanakatika mbele ya macho yako. Isipokuwamo, yanabaki laini. Soma upesi, maana ukingoja yakauke kila kitu kitaonekana kimekatika, utampa baridi yabisi hata paka wa jikoni.

Na usipime moja peke yake. Weka kando damu ya mtu ambaye una hakika ni mzima, ili uone laini inavyokaa. Mwalimu wetu alikuwa akitumia yake mwenyewe. Tumia yako. Una afya ya punda.

Nikuambie na jambo ambalo hukuliuliza. Wagonjwa wengi tu wanakuja hapa wamepinda, na damu yao haisemi kitu. Na wako watu wasio na shida yoyote ya viungo, waliougua malaria miaka nenda miaka rudi, au watu ambao hatujui kwa nini, damu yao inapiga kelele. Kwa hiyo usije ukaipigia magoti hiyo chupa.

Ajwang'

*

Werugha
22 Februari 1976

Mdogo wangu Wakio,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Sisi hatujambo. Mtoto anatambaa, kabichi zimefunga vizuri, mvua kidogo imenyesha upande wa Wusi lakini kwetu bado.

Mikono yangu imepata nafuu kubwa. Usijisumbue na mambo ya damu. Ukija, usije na sindano, njoo na sukari. Umeniuliza habari za kiondo nilichokuwa nasuka. Nimempa Mable wa jirani akimalizie. Si kwa sababu ya vidole, ni kazi tu zimekuwa nyingi shambani.

Mama mkwe anasema atawauliza wazee kama kuna mtu ana kinyongo na nyumba hii. Mimi sina neno. Yeye pia amechoka, usimchukie. Analala na mtoto ili mimi nipumzike, na hilo halisemi mbele ya watu.

Samahani kwa mwandiko. Meza hii inatikisika.

Dada yako,
Tryphena

*

Shamba la Mkonge, Voi
7 Machi 1976

Mpendwa Ajwang',

Nilipanda Werugha na sindano, na sukari pia. Dada alikuwa ameniandikia kwamba amepona, na kwamba mwandiko umeharibika kwa sababu meza inatikisika. Nyumba ile ina meza moja. Niliiegemea kwa nguvu zangu zote na haikutikisika.

Nilimtoa damu nyuma ya zizi wakati mama mkwe yuko kanisani. Hudson alisimama mlangoni pa zizi kama askari, ametazama upande mwingine. "Chukua upesi," Tryphena akasema, "na usichukue nyingi. Nyingine nina kazi nayo." Nilipomfunga mpira mkononi nilimwona akiuma meno, si kwa sindano, kwa kunyoosha kiwiko tu.

Jana nilipima. Niliweka tone lake na tone langu kwenye kioo kimoja, kama ulivyosema. Nikatikisa. Nilikuwa nimeyakazia macho matone ya dada, nikiyaomba yakatike. Unaelewa nilikuwa nikiomba nini? Nilikuwa nikiomba dada yangu awe mgonjwa kwenye kioo, kwa sababu kwenye jua ni mgonjwa tayari na hakuna anayekubali. Yakabaki laini kama maziwa ya asubuhi. Ndipo nikatazama upande wangu. Yangu yalikuwa yamekatika.

Nilirudia. Nikasema lateksi imeharibika na joto. Nikamwita Ajiambo anayeosha vyombo vya maabara, nikamtoa damu, yake ikabaki laini. Akaniuliza kama amefaulu mtihani. Nikamwambia amefaulu. Nikarudia yangu tena. Ilikatika kwa namna ile ile, vipande vyeupe, maji yamejitenga.

Nilikaa kwenye stuli nikaitazama mikono yangu. Haiumi. Inanitii. Naweza kushika kitu chembamba kama unywele. Nilijua tangu shule kwamba jambo hili hutokea, ni sentensi moja tu katika daftari langu. Sikujua sentensi ile inaweza kukaa na mtu chumbani.

Kwa Dakta Kituku nilipeleka jibu la dada, jinsi lilivyo. Langu sikulitaja. Akasema, "Umeona sasa?" Nikamwambia daktari, aje amwone, amshike vidole tu. "Nikishika vidole vya kila mama anayelalamika," akasema, "nitamaliza saa ngapi? Damu ndiyo inayoamua hapa. Ikisema, naandika. Haikusema."

Niambie la kufanya, kwa sababu yale ninayoyafikiria mimi si mazuri.

Wako,
Wakio

*

Nairobi
13 Machi 1976

Wakio,

Najua unayoyafikiria. Mimi pia niliyafikiria kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Una chupa mbili na vibandiko viwili. Bandua, bandika. Mwambie daktari umerudia kipimo, damu yako iende na jina la Tryphena, atie sahihi, dada aje. Akiketi mbele ya wakubwa wetu hapa watamwona kwa macho, hawatajali kilichotoka Voi. Nani ameumia? Ningekuwa mimi ningekuwa nimeshafanya, na ningelala vizuri.

Najua utakataa. Nakuandikia hivyo hivyo, ili ukikataa ukatae kitu kilichosemwa waziwazi na rafiki, si kitu ulichokijadili na ukuta.

Sasa wewe. Unajisikiaje? Ukinijibu kwa mzaha nitakuja Voi nikupige. Inaweza kuwa si kitu. Inaweza kuja baada ya miaka. Inaweza isije mpaka ufe kizee ukiwa na vidole vya kupiga marimba. Hakuna anayejua, hata wale wanaovaa koti refu kuliko letu.

Ajwang'

*

Shamba la Mkonge, Voi
18 Machi 1976

Mpendwa Ajwang',

Sijabandua. Si kwa sababu mimi ni mtakatifu. Kibandiko cha Tryphena nilikwisha kukiinua kwa ukucha mmoja.

Nilisimama kwa sababu ya mwanamke ambaye simjui. Atakuja hapa siku moja, labda kutoka Chawia, labda ni mkata mkonge wa hapa hapa, vidole vyake kama vya dada na damu imenyamaza kama ya dada. Nikibadilisha chupa nitakuwa nimemwambia Dakta Kituku kwamba amesema kweli, kwamba mkono uliovimba hautoshi mpaka kioo kikubali. Naye atamrudisha huyo mwanamke nyumbani, na mimi ndiye nitakayekuwa nimempa jibu la kumrudishia.

Kuhusu mimi: naogopa. Asubuhi nikiamka, kabla sijafungua macho, nakunja ngumi. Ikikunjika naondoka kitandani. Huo si mzaha.

Wakio

*

Werugha
28 Machi 1976

Kwa shemeji Wakio,

Salamu. Mimi si mwandishi, utanisamehe.

Tryphena ametuambia mwenyewe kwamba damu haina kitu. Sikufurahi kusikia. Ungeleta neno kwamba ni ugonjwa ningejua pa kuanzia. Sasa mama amewaita wazee, na Mzee Mwandawiro amesema kuna hasira ya mtu wa damu moja, imekaa muda mrefu, ndiyo inayoshika mikono. Walipotafuta ni ya nani, jina lako ndilo lililotoka.

Wanasema siku ya arusi yetu ulikataa kula. Hilo mimi nalikumbuka. Ulikuwa mtoto, ulikaa chini ya ghala na sahani ya wali mpaka nzi wakaimaliza. Nilijua sababu. Tryphena alikuwa wa kwanza darasani na baba yenu akamtoa, akakuacha wewe uendelee. Sikukulaumu siku ile na sikulaumu leo.

Tunakuomba uje kutasa. Umesoma sana huko, kwa hiyo nitalieleza jambo lenyewe ili usidhani tunakuita kwenye uchawi. Mwenye hasira anatia maji mdomoni, anayapuliza nje, anasema moyo wangu upoe, ndugu yangu apone. Basi. Hakuna kuchinja, hakuna mganga. Tutaomba kwanza kwa jina la Yesu. Mchungaji anajua na amenyamaza.

Ni Jumamosi, tarehe kumi Aprili, asubuhi. Ukikataa kuja, mama amesema Tryphena arudi kwa baba yenu Chawia akae huko mpaka apone. Mtu wa kwenda hivyo harudi, wewe unajua. Mimi sitaki aende. Njoo, shemeji. Ni maji tu.

Hudson

*

Werugha
13 Aprili 1976

Wakio,

Ulimeza.

Kila mtu aliona koo lako likipanda na kushuka. Tulikuwa tumeomba, Mzee amekupa kibuyu, umetia maji mdomoni, umenitazama, na mimi nimenyoosha mikono hii mbele yako kama mtoto anayesubiri kunawishwa. Ukameza. Ukaweka kibuyu chini polepole, ukasema "Asanteni," ukachukua mkoba wako ukaondoka.

Jioni mama mkwe akasema, "Msichana yule amekunywa hasira yake mbele yangu kama chai." Mzee Mwandawiro anasema hajaona jambo hilo maishani mwake na hajui lina dawa gani. Hudson anatembea kama mtu aliyepigwa. Nimeambiwa nifungashe, baada ya Pasaka niende Chawia na mtoto.

Barua ile ya Februari nilikudanganya. Meza haitikisiki. Kalamu naishika kwa ngumi, nimeizungushia kitambaa ili iwe nene. Barua hii nimeianza jana. Sikuwahi kukuomba uniokoe, Wakio. Nilikuomba uteme maji. Ni jambo kubwa kiasi gani? Wewe ungerudi Voi na mambo yako, mimi ningebaki na nyumba yangu. Hata kama ni uongo, ningekaa ndani ya uongo huo nikamlea mwanangu.

Nilikasirika sana. Halafu leo nikiwa shambani, nang'oa magugu kwa viganja kwa sababu jembe limenishinda, nikaliona tena lile koo lako lilivyoshuka mbele ya wazee. Nikacheka peke yangu. Nilicheka mpaka Mable akauliza ng'ambo ya mtaro kama nimepewa ng'ombe.

Sasa niambie kwa nini ulifanya vile. Na usiniandikie maneno ya kitabu.

Tryphena

*

Shamba la Mkonge, Voi
21 Aprili 1976

Dada yangu,

Nilipanda mlima nikiwa nimeamua kutema. Nakuapia. Nilisema moyoni, ni maji tu, Hudson amesema kweli.

Lakini ukitia maji yale mdomoni unatakiwa kuitafuta hiyo hasira ili uitoe. Nikaitafuta, nami nikaikuta. Wazee hawakukosea, ipo. Ipo tangu siku ile chini ya ghala. Mzee alichokosea ni hiki tu: si hasira juu yako, ni hasira kwa ajili yako. Ndiyo iliyonipandisha Werugha na sindano. Ndiyo iliyonipeleka mlangoni kwa daktari. Nikaona nikiipuliza kwenye majani pale, moyo wangu ungepoa kweli. Ningeshuka Voi, ningekula, ningelala, na wewe ungebaki unashika kalamu kwa ngumi. Sina kitu kingine cha kukutibia, Tryphena. Lateksi imeshindwa. Nimebaki na hasira tu, nisingeweza kuitema.

Sasa sikiliza, maana kuna jambo nilikuficha. Nilipopima damu yako nilipima na yangu kando yake, kama kawaida ya kazi yetu. Yako haikuwa na alama ya ugonjwa. Yangu inayo. Mimi siumwi popote. Hivyo ndivyo damu ilivyo, inaweza kunyamaza kwa mgonjwa na kupiga kelele kwa mzima, na huenda siku moja niwe mgonjwa na huenda nisiwe. Sikukuambia kwa sababu nilijua utaanza kunionea huruma, na wewe ndiye mwenye mikono.

Barua yako ilipofika jana nilikwenda moja kwa moja kwa Dakta Kituku. Nikaweka jibu langu mezani, jina langu juu yake, ukweli mtupu.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Wewe unaumwa?"

"Daktari, ulisema damu ndiyo inayoamua hapa."

Akanitazama. "Kunja mkono." Nikakunja. "Nyoosha." Nikanyoosha. "Mbona uko mzima?"

"Na yule niliyekuomba umwone yuko mgonjwa, damu yake haisemi. Wewe ulichagua damu. Kama damu ndiyo mgonjwa, basi mgonjwa ni mimi. Niandikie barua."

Angeweza kunifukuza. Nadhani aliona kwamba akikataa atakuwa amekubali kwamba damu haitoshi, na hapo nitamletea wewe. Aliandika. Kalamu ilikwaruza karatasi karibu kuitoboa. Akaandika pia kwamba niende na msindikizaji, kwa sababu watu wa shamba hawaendi Nairobi hospitali peke yao. Jina la msindikizaji hakuuliza.

Siku ya kwenda Chawia, fungasha kama walivyokuambia. Aga vizuri. Ukifika Wundanyi, usipande gari la Chawia. Panda la Voi. Mlete na mtoto, rafiki yangu Ajwang' wa Nairobi ana shangazi atakayemshika. Mimi nitakuwa stesheni, tupande gari moshi la Nairobi.

Unaweza kukataa. Ukikataa nitamrudishia daktari barua yake na sitakuuliza tena. Lakini sitakuja kutema.

Mdogo wako,
Wakio

*

Nairobi
30 Aprili 1976

Kwa shemeji Hudson,

Utakuwa umesikia kutoka Chawia kwamba Tryphena hakufika. Usimtafute huko. Yuko Nairobi pamoja nami, na mtoto hajambo, ametoa jino. Nakuandikia wewe kwanza, kabla ya baba yetu, kwa sababu wewe uliandika "mimi sitaki aende," na nimeamini kwamba ulimaanisha.

Nilikuja na barua ya daktari yenye jina langu. Jana kwenye kliniki waliita "Wakio," tukasimama wawili. Daktari mkuu wa viungo ni mzee mfupi, hasemi sana. Nilimwambia, "Mwenye barua ni mimi. Mwenye ugonjwa ni huyu." Nesi akaanza kututoa, kwamba msindikizaji angoje nje. Yule mzee akainua kidole nesi anyamaze. Alikuwa ameshaiona mikono ya Tryphena.

Aliishika, shemeji. Alibonyeza kifundo kimoja baada ya kingine, akapinda kiganja, akagusa magoti, na hakuuliza karatasi yoyote. Akauliza, "Asubuhi inakuchukua muda gani kufunguka?" Tryphena akamwambia. Akauliza, "Na nani anakufungia mtoto?" Tryphena akaanza kulia. Tangu aanze kuumwa hakuna aliyemwuliza hivyo ila kwa kumcheka.

Walipiga picha ya mifupa. Nimeiona mwenyewe juu ya taa. Pembeni mwa vifundo mfupa umeanza kuliwa, kama ukingo wa jani lenye viwavi. Ni ugonjwa. Mwambie mama yako na Mzee Mwandawiro, kwa heshima zote. Si uvivu, na si hasira ya mtu, maana hasira yangu nimekuja nayo mpaka hapa na daktari hakuiona kwenye picha. Damu yake kwa kipimo kile itakaa kimya, na huyu daktari mzee anasema amewaona wengi wa namna hiyo na amewatibu wote.

Hakuahidi kwamba vidole vitarudi kama vya zamani. Alisema kilicholiwa kimeliwa, ila kinachobaki kinaweza kulindwa mradi tusichelewe zaidi. Kuna vidonge, na kuna sindano za maji yenye dhahabu, kila wiki, kwa miezi. Tryphena akauliza kama atakuwa na thamani kuliko ng'ombe sasa. Hata nesi alicheka.

Mimi nimeambiwa nirudi nikianza kuumwa. Ni hivyo tu. Bado nakunja ngumi asubuhi.

Najua utakasirika. Nimemchukua mkeo bila ruhusa yako na nimempitisha njia nyingine wakati mama yako anadhani yuko kwa baba yetu. Sitasema samahani kwa hilo. Wewe uliniomba neno la hospitali, nami nimekuletea. Sasa ni zamu yako. Kamua ng'ombe jua likiwa limepanda, majirani wakuone. Mama yako akiuliza, mwambie mkeo ni mgonjwa na anatibiwa, useme kwa sauti ile ile uliyoniambia mimi. Ukija kumwona, shangazi wa Ajwang' atakupa mahali pa kulala. Ukija kumchukua, utanikuta mlangoni.

Jana kabla hawajamlaza, karani aliuliza mume yuko wapi ili atoe kibali cha matibabu. Tryphena alisema yuko Werugha. Karani akasema basi wangoje mpaka uandikiwe na ujibu. Nilimwuliza Tryphena kama anataka kungoja. Akatikisa kichwa, hapana. Nikachukua kalamu nikatia sahihi mahali pako, kwa jina langu mwenyewe, na sindano ya kwanza amedungwa leo asubuhi.

Wakio